Mshono wa Mkanda

Mtoto akikuletea kitu ukishone, muulize kinakwenda wapi. Bi Tatu hakuuliza. Siku aliyofika uwanja wa kukimbiza magari, alimkuta mwanawe Nuhu ndani ya kigari kikuukuu kisicho na paa, kimeng'olewa kiti cha abiria na hata redio kiwe chepesi. Nuhu akajifunga mkanda kifuani. Bi Tatu akainama kuutazama. Mshono ule ulikuwa wake, wa uzi wa mashati.

"Si uliniambia ni mkanda wa begi?"

"Ningekwambia kweli ungeushona, mama? Nguo zako hazifumuki."

"Shati haligongi ukuta, mwanangu. Shuka."

Bendera ya kuanzia ikapepea. Bi Tatu akaushika mlango kwa mikono miwili, na gari likaanza kusogea.