Shaba za Lambwe

Chekeche lilimtoka Scovia mikononi, likaanguka ndani ya shimo alilochimba tangu asubuhi. Udongo mtupu, kama safari iliyopita.

"Una hakika uliipata sarafu hii hapa, Baba?"

"Hapo hapo, nyathina, mwanangu," alijibu Mzee Nicodemus, ameketi kando ya ua. "Ulipoondoka tu kurudi Migori, jembe likaigonga."

Scovia aliipangusa sarafu kwa kidole gumba. Shaba iliyoota ukijani, mbwa mwitu jike akinyonyesha watoto wawili. Ya zama za Konstantino, bila shaka. Lakini ile ya kwanza aliyoipata babake ilikuwa ya Nero, na iliyofuata ya Klaudio, karibu miaka mia tatu kabla. Tangu chuoni alikuwa akikusanya sarafu za Kirumi, na sasa alifundisha historia. Hakuwa amewahi kuona akiba ya kale iliyochanganyika ovyo namna hii. Nani alizileta Bonde la Lambwe? Na mbona alipochimba yeye, hakupata hata kigae cha chungu?

"Nimeshawaandikia watu wa makumbusho," alisema. "Nikikosa la kuwaonyesha, watanicheka."

"Wacha wacheke. Kuku ameiva. Utalala?"

"Baba, nazungumzia kazi yangu."

"Na mimi nazungumzia kuku."

Walikula wawili tu, kama ilivyokuwa tangu mama yake azikwe. Mzee alimuuliza habari za wanafunzi, za paa lake linalovuja, za lile jino lililomsumbua. Kuhusu sarafu, kimya. Hilo ndilo lililomchoma Scovia zaidi: kitu kilichomnyima usingizi, kwa babake kilikuwa kokoto tu.

Kesho yake alizunguka kupitia mjini Homa Bay, hadi kwa Yakub, muuza saa na vito mwenye mizani ya kupimia dhahabu. Labda uzito ungemfumbulia jambo. Hakumwambia sarafu imetoka wapi, asije akazua msururu wa watu na majembe shambani kwa babake.

Yakub aliigeuza mara moja. Mizani hakuigusa.

"Hii naijua, madam. Mimi ndiye niliyeiagiza kutoka ng'ambo."

Scovia aliinyakua sarafu. "Ulimwagizia nani?"

"Mzee mmoja wa huko Lambwe. Huchukua mojamoja. Anasema kila akifukia moja shambani, binti yake huja nyumbani."