Buni Zisizolia

Shu-hui aliinamia mashine ndogo ya umeme ya kukaangia kahawa, akisubiri buni zianze kulia. Miaka yote dukani kwao Tainan alikuwa akizitoa kwa kusikiliza mlio huo, si kwa kutazama saa.

Mumewe akaja mbio kutoka jikoni, akamsogelea. "Mke wangu, unaziunguza. Zinapasuka hadi nazisikia kule ndani."

Shu-hui akazima mashine. Buni zilimwagika kwenye sinia, nyeusi tii, zinang'aa mafuta.

"Mteja anazitaka kali," akadanganya.

Mumewe akampa mgongo, akafungua dirisha moshi utoke. Shu-hui aliona taya lake likicheza.

"Ndiyo," akajibu.

Mume akageuka taratibu, akarudi mpaka karibu na uso wake.

"Nimekuuliza, tangu lini husikii?"