Mazoezi ya Kaskazi

Habib aliambiwa asisogee, na wallahi hakusogea, ingawa ndani ya nyumba ya makuti mwanamke alikuwa akilia na moshi umeshaanza kufuka dirishani.

"Kwanza kufyeka, halafu mtu," alisema Bwana Kyalo, filimbi mkononi. "Mmoja wenu akiingia kabla majani hayajafyekwa kuzunguka nyumba yote, nimewafelisha nyote."

Yalikuwa mazoezi tu. Kaskazi ilikuwa imeanza kuvuma Bofu, vichaka vimekauka kau, na kikosi cha kujitolea cha kuzima moto kilikuwa na mapanga, makoleo na magunia ya kulowesha, basi. Kaskazi iliyopita moto ulitoka vichakani ukaingia majumbani, nao wakaupiga kwa matawi ya mwarobaini, wakapiga weee, mpaka matawi yenyewe yakashika moto. Vijana wawili wa kikosi wakakimbilia ndani kumtoa mgonjwa, moto ukawazunguka. Habib alikuwepo makaburini walipozikwa, na tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: pampu ya maji. Pampu ilikuwa kwa Bwana Kyalo, mtu wa shirika. Angewapa leo, kama wangemwonyesha kwamba safari hii watafuata utaratibu hata roho zikiwauma.

Nyumba ya kuchoma aliitoa Habib mwenyewe. Ilikuwa kuukuu, imejitenga kando ya vichaka. Mamake aliyekuwa akiishi humo alikuwa ameshahamia Mikindani kwa dadake Habib, kwa kununa na kulalama, lakini ameshahamia.

Wa kuokolewa alikuwa Florence, mwenzao kikosini, mtu wa bara anayefanya kazi ya usiku kiwandani Changamwe. Walimchagua kwa ajili ya sauti. Akiimba kanisani kwao, kwaya nzima haisikiki. Aliagizwa akitoka kazini aje moja kwa moja, aingie ndani, alie kama mtu anayekata roho na amwite Habib kwa jina. Mambo yakiharibika, atoke kwa mlango wa nyuma akakae mbali chini ya mkorosho. Asubuhi hiyo Wardah, msaidizi wa Habib, alibisha mlangoni akauliza, "Upo ndani?" Akajibiwa, "Nipo." Basi wakayawasha majani.

"Habib! Ndoo, mwanangu! Ndoo!"

Wardah aliinua kichwa, panga mkononi, akaangua kicheko. "Msikieni Flo! Mtu wa bara leo hasemi 'njoo', anatulilia Kimvita!"

"Si alisema atajifunza," alijibu Habib. Yeye hakucheka. Sauti ile ilimkata maini, na aliona haya kuogopa kitu walichokipanga wenyewe.

Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni mwake tangu walipoanza. Dadake. Ah, dadake naye, kila siku ana jambo. Akaizima.

Ghafla upepo ukageuka. Moto uliokuwa ukitambaa nyuma ya kichaka ukainuka, ukaruka majani waliyokuwa hawajayafikia, ukalamba pembe ya paa. Makuti ya miaka mingi, makavu vile, hayakuhitaji kubembelezwa. Habib alichovya gunia ndooni, akapiga hatua.

"Habib!" Kyalo alimwita kwa ukali. "Majani yamekwisha kufyekwa?"

Hayakuwa yamekwisha. Upande wa magharibi ulikuwa bado. Aliwatazama wenzake wakifyeka, jasho likiwatiririka, nyuso zimewapauka kwa majivu. Akawakumbuka wale wawili. Akaikumbuka pampu. Gunia lilikuwa likimchuruzikia maji miguuni naye amesimama tu, mtu mzima, kapteni wa watu, hana la kufanya ila kusikiliza.

"Mwanangu, sioni! N'shike mkono!"

"Fyekeni!" alipiga kelele Habib. "Fyekeni, jamani, Mungu awaone!"

Sauti ikakohoa. Ikaita tena, chini chini. Ikanyamaza.

"Ametoka nyuma," alisema Wardah, akihema. "Alhamdulillahi. Hata mimi nisingestahimili moshi ule."

Habib alishusha pumzi. Nyuma ya nyumba moshi ulikuwa umetanda mzito, hata mkorosho hauonekani, lakini Florence si mtoto, na njia ya kutokea alionyeshwa. Panga la mwisho likamaliza upande wa magharibi wakati ule ule paa lilipoporomoka. Moto ulifika kwenye ardhi tupu, ukahangaika, ukakosa pa kwenda. Hakuna kichaka kilichoshika wala nyumba ya jirani iliyoguswa.

Bwana Kyalo alipuliza filimbi. Kisha akaja kumpa Habib mkono, na macho yake yalikuwa yamelegea kidogo.

"Nimeona ulivyotaka kuingia," alisema. "Na nimeona ulivyojizuia. Hicho ndicho nilichokuja kukitazama. Pampu ni yenu."

Wakapiga vigelegele, wakakumbatiana na masizi yao. Wardah alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Habib alikaa chini pale pale kwenye majivu, akamshukuru Mola wake kwa sauti, asijali nani anamsikia.

Bodaboda ikasimama barabarani. Akashuka mwanamke mwenye mkoba wa kazini begani, akaja mbio, sare yake safi.

"Jamani, nisameheni," alisema Florence. "Foleni ya feri imetukalisha. Mmeanza bila mimi?"