Mgonjwa wa Mama Siwema

Mama Siwema alimnyanyua mumewe kutoka kitandani, akamweka kitini kama mtoto. Kisha akashika ukuta, akahema.

"Umekonda, lakini mifupa yako mizito."

"Niache tu nilale."

"Uote vidonda, shemeji zangu waseme nini?"

Baba Siwema, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa amepewa miezi mitatu. Walikwenda kupima pamoja, kila mmoja na homa zake, na majibu mabaya yakawa ya kwake. Damu imeharibika, daktari alisema, haitibiki.

Woga ulimfungua mdomo. Jioni ileile akamwambia mkewe siri yote: ana mtoto wa nje, na mama wa mtoto huyo ni mdogo wake Mama Siwema, tumbo moja.

Siku mbili Mama Siwema alimsukumia sahani ya chakula mlangoni tu. Siku ya tatu akaja na beseni la maji.

"Ungekuwa mzima, leo ungelala barabarani. Sasa maiti naifukuzaje? Inua mkono nikuoshe."

Hakuna aliyewahi kumtunza vile. Mikono ya mkewe ilijaa alama za damu iliyovilia kwa kumbeba, lakini hakulalamika.

Halafu, wiki tatu zilizopita, simu ya Baba Siwema ililia. Aliyepiga alikuwa mpima damu wa hospitali.

"Baba Siwema, tulikosea majibu. Wewe huumwi. Sasa nisikilize vizuri..."

Mlango ukafunguliwa, mkewe akaingia. Baba Siwema alikata simu, akaizima, akaisukuma chini ya godoro. Akajilaza chali, akaanza kuugulia.

Tangu hapo, mkewe akitoka, yeye husimama dirishani kwa miguu yake mwenyewe. Nitamwambia kesho, hujisemea. Akisikia kandambili za mkewe, hurudi alipowekwa.

Leo aliyeingia alikuwa mpima damu, shati limelowa jasho. Mama Siwema alikuwa nyuma ya nyumba, akifua mashuka.

"Funga mlango," Baba Siwema alinong'ona. "Kaka, nakuomba, usimwambie mke wangu kwamba mimi ni mzima. Atanitupa nje."

"Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Ikabidi niulizie nyumba kwa nyumba." Mpima damu alimtazama. "Nani amekukalisha hapo?"

"Yeye. Hunibeba kila siku. Kitandani, kitini, bafuni."

Mpima damu aliketi sakafuni, palepale alipokuwa amesimama.

"Siku ile kwenye foleni kila mtu alikuwa anawaita Baba Siwema, Mama Siwema. Nami kwenye vichupa vyote viwili vya damu nikaandika Siwema tu, majibu yenu yakabadilishana."

Baba Siwema alisimama bila kushikwa na mtu.

"Miezi mitatu daktari aliyosema," mpima damu akamalizia, "ilikuwa ya mtu anayelala kitandani, asiyeinua hata ndoo."