Tope la Kilindini

Tope lililong'ang'ania chuma cha kuzamishia kipimajoto lilikuwa vuguvugu. Mpimaji alilifinya kiganjani, akakitazama tena kipimajoto kilichopanda nalo kutoka kilindini. Kilisema baridi, kama kila mara.

Akakichokonoa ncha kwa ukucha. Utando wa gundi ukabanduka, mnene kama ngozi ya kisigino.

Vyombo vyote huviandaa kaka yake, yuleyule aliyesimama naye mkutanoni kuwaapia majirani kwamba watakiumbua kiwanda kinachomwaga maji ya moto huko chini.

“Kaka, umekivisha koti kisisikie joto?”

“Usinikodolee macho, dada. Sema baridi, yaishe. Kwani samaki ni shangazi zako?” Kaka akacheka.

“Haya, shika hili tope.”

Kicheko kikamkauka. Mikono yake haikutoka mifukoni.