Kifungu cha Kumi na Nne

Mwanasheria alifuta punda kabla ya chai ya saa nne. Kifungu cha tatu cha sheria ya makao ya wazee kilimtaka msimamizi afuge punda wawili wa kubeba maji, na makao yenyewe yana bomba tangu enzi za babu yake. Akafuta ugoro, akafuta taa za mafuta. Kalamu nyekundu ilikuwa inateleza tu.

Alipofika kifungu cha kumi na nne akashusha pumzi. Hiki ndicho kilichomfanya aiombe kazi hii ya kufuta vifungu vilivyopitwa na wakati. Kilisema kwamba wakazi wawili wakioana, wote wawili wanapoteza vyumba vyao.

Shangazi yake, aliyemlea tangu ana miaka minne, aliishi chumba namba sita. Namba saba aliishi fundi saa mstaafu, mzee mtanashati wa kupiga pasi hata leso. Miaka kumi na mmoja sasa, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, fundi saa alisimama mbele ya ukumbi mzima, akaweka koti sawa, akamposa shangazi. Na kila Ijumaa shangazi alitikisa kichwa kwa masikitiko: angekubali hata jana, ila kifungu cha kumi na nne ndicho hicho. Fundi saa alijishika kifua, ukumbi ukaguna, kisha wawili hao wakaenda kucheza karata mpaka jioni, wakiibiana waziwazi.

Mwanasheria roho ilimuuma. Jamani, watu wazima wakose raha ya uzeeni kwa sababu ya karatasi iliyoandikwa na watu waliokwisha kuoza? Alipomwambia shangazi kwamba anakishughulikia, shangazi alisema asijichoshe, sheria ni sheria, na kwanza amekonda. Mwanasheria akaona ni haya za mtu mzima. Fundi saa naye alisema tu kwamba huenda hao wa zamani walikuwa na akili zao. Muungwana yule, hapendi kumsumbua mtu.

Kamati ya kupitisha marekebisho ilimtoa jasho miezi mitano. Punda walipita bila neno, lakini kwenye ndoa wajumbe walikaza. Alibishana nao mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe kifungu kikafutwa, karatasi ikapigwa muhuri.

Akaja nayo Ijumaa bila kumwambia mtu, akajibanza mlangoni pa ukumbi. Fundi saa alisimama, akaweka koti sawa, akaposa. Shangazi akatikisa kichwa, akakitaja kifungu.

"Kimefutwa," mwanasheria akasema, akainua karatasi juu.

Ukumbi ukalipuka. Wazee waligonga meza kwa vijiko, mpishi akatoka jikoni na mwiko wake akicheza. Mwanasheria akajipenyeza hadi walipokuwa wale wawili, machozi yakimlengalenga kwa furaha, akasimama katikati yao asubiri kukumbatiwa.

Fundi saa akamshika mkono wa kulia, akamwinamia sikioni.

"Kijana wangu, huko hakuna kifungu kingine?"

Kabla hajajibu, shangazi akamfinya mkono wa kushoto.

"Mwambie kipo, mwanangu. Haraka."