Ndama Aliyeitwa Nabwile

Nabwile alikuwa ameingiza mkono hadi karibu na bega ndani ya ng'ombe, akitafuta mimba kwa vidole, alipomwona ndama mwekundu akija mbio kutoka nyuma ya zizi.

"Si huyo ni mtoto wa yule ulisema hana kitu?" mama mwenye shamba akamwambia, akicheka.

Miezi minane iliyopita, katika zizi hilo hilo la Kitale, Nabwile alimpapasa ng'ombe mwingine haraka haraka akatangaza kwamba hana mimba. Mwenye bucha alikuwa langoni, tayari kumnunua. Mwalimu wake wa udaktari wa mifugo akavaa glavu, akapima mwenyewe, akakuta mimba, akamrudisha mwenye bucha mikono mitupu, kisha akamwandikia Nabwile alama thelathini na moja kwa mia. Likizo nzima kwao Bungoma, hakutaka kusikia mwalimu huyo akitajwa.

Leo alikuwa anarudia mtihani.

Ndama akamlamba goti. Ulimi ulikwaruza kama msasa, na joto lake likapenya ovaroli.

"Tulimpa jina lako," mama akaongeza, "ndio usimsahau tena."

Mwalimu yule yule aliinua macho kutoka kwenye karatasi yake ya alama. "Haya. Huyu naye, ana mimba ama hana?"

Vidole vya Nabwile vilikuwa havijagusa dalili yoyote ya mimba bado.

"Asante, Daktari," akamwambia mwalimu.

"Asante ya nini? Bado sijakupa alama."

"Ya ile thelathini na moja," Nabwile akajibu, akafumba macho, akaanza kupapasa upya, polepole.